Mkono Wenye Kidole Kilichopinda

1

Daktari Hango alikuwa na miaka kumi kaburini siku aliponiambia kwamba mimi nimeishi kwa mali ya wizi.

Aliniambia kwa sauti yake mwenyewe, ile ya puani, huku nakoroga uji. Elibariki Gunda, mkurugenzi wetu wa sasa, alikuwa ameniletea rekodi zake zote ndani ya kidude kidogo kama punje ya hindi. "Bibi Paskalina," aliniambia, "wewe ndiye mgonjwa wa kwanza wa Mkono. Utuchagulie maneno yake matamu, dakika tano tu, tuyasikilize Jumamosi tukifunua jiwe lake." Shule yangu iliishia darasa la saba, na kusoma kwenye vioo vya simu kunaniumiza macho, lakini masikio ninayo. Basi nikasikiliza. Siku ya tatu ndiyo nikafika tarehe kumi na tisa Juni, miaka thelathini na moja nyuma.

Binti yangu Siwema alikuwa kwenye kigoda karibu yangu, kofia ya nyuzi kichwani, macho kafumba. Kila alfajiri hukaa hivyo dakika ishirini. Ukivaa kofia ile unahisi mkono mgongoni. Ni mkono wa mwanamke mzee, mkavu, unanukia moshi na karanga za kukaangwa, na kidole chake cha shahada kimepinda kama ndoano. Unakupigapiga taratibu, kisha unatulia hapo. Basi, hakuna kingine. Hausemi, hauponyi kidonda, haufufui mtu. Ila ukishaondoka unaweza kunyanyuka ukachota maji.

Siwema alifiwa na mabinti wawili katika moto wa bweni. Bila dakika ishirini zile nisingekuwa na mtoto.

Na bila hizo yeye asingekuwa na mama. Nilizika wanangu watatu ndani ya wiki moja ya homa, nikabaki na yeye, mwenye miaka sita. Nikalala kwenye mkeka wa Daktari Hango hapa Singida, nikaukataa uji. Wakati ule hakukuwa na vituo arobaini na moja vya Mkono kama sasa. Kulikuwa na chumba kimoja cha bati, jiko la nje, na mwanamume mrefu mwenye soksi zisizofanana, aliyemenya viazi pamoja nasi na kulia kuliko wagonjwa.

Rekodi ilisema hivi:

"Juni kumi na tisa. Paskalina siku ya nne hajala. Akifika ya sita nitampoteza. Yunisi wa jikoni kalalamika kipandauso, nimemwambia avae kofia, itamsaidia kichwa. Sikumwambia nachukua nini. Nimeupata! Mkono wa bibi yake aliyemlea, mzima mzima, kama upo chumbani. Nimeupeleka kwa Paskalina saa tisa. Amelala. Usingizini amecheka."

Halafu nikasikia anapumua.

"Nimepita jikoni. Mtoto wa Yunisi kaungua, analia. Yunisi kampakata, lakini anatazama ukuta. Nikamshika bega, nikamwambia pole. Kaniangalia kama nimemshika mtu mwingine. Nilidhani nanakili. Kumbe nimeng'oa. Nitamrudishia kesho."

Rekodi ya kesho yake ilikuwa fupi. "Paskalina kanywa uji. Wameletwa wengine sita, mmoja kajikata. Yunisi: kesho."

Nikaruka mwezi. Akasema habari za wagonjwa wapya, mwishoni: "Yunisi: kesho." Nikaruka mwaka, nikaruka mitano. Aliongea juu ya vituo, juu ya mtambo wa upepo, juu ya meno yake. Kila rekodi iliishia palepale. Yunisi: kesho. Nikaacha kukoroga.

Ya mwisho kabisa alikuwa mgonjwa, sauti imekauka. "Paska, ukisikia haya ujue nimeshindwa. Nimekuwa mwoga miaka ishirini na moja. Mkono umo kwenye sanduku la kioo pale kituoni, ni mmoja tu, vituo vyote vinaupokea kutoka hapo. Sanduku nimelifunga kwa sauti yako. Ukilitamkia jina lako na neno rudi, litamrudia mwenyewe. Nimekuachia wewe. Nisamehe na hilo pia."

"Mama," Siwema alisema, kafumbua macho, "uji unaungua."

"Uache uungue," nikamjibu.

2

Lazima niwaambie tulivyomfanyia Yunisi, maana hapo ndipo pananichoma.

Watu wa Mkono tuna desturi yetu. Tukikutana hatupeani mikono, tunawekana kiganja mgongoni, kidogo, halafu ndiyo habari za nyumbani. Yunisi peke yake hakuipokea. Ukimwekea kiganja alisimama kama mlango, au alijitoa taratibu akaenda kuchochea moto. Tukasema ana maringo. Tukamwita Mama Jiwe. Mgeni akija tulimnong'oneza, "Yule usimguse, utavunjika vidole," tukacheka.

Mimi ndiye niliyezidi. Kwa kuwa wagonjwa hunipenda kwa vitendawili, na asubuhi huwategea viwili vitatu wachangamke kabla ya kofia, nilimtungia cha kwake. "Nyumba yetu ina jiko lisiloshika moto." Ukumbi mzima ukajibu "Yunisi!" naye yupo dirishani anapakua maharage. Miaka mingi kimetegwa hicho. Watoto wa wagonjwa wakakua nacho.

Nilimkuta anakata vitunguu.

"Habari za asubuhi, mwenzangu."

"Salama. Umekuja kuonja au kunisema?"

"Nimekuja kukuuliza. Bibi yako, aliyekulea kule Mkalama, alikuwa na kidole kimepinda?"

Kisu kikasimama. "Nani kakwambia?"

"Cha shahada. Mkono wa kulia."

"Alikivunja kwa mchi, mimi sijazaliwa. Paska, nani kakwambia? Ndugu zangu wote wamekwisha."

"Akikaanga karanga?"

"Kila jioni. Kwa kuni mbichi, moshi unamtoa machozi." Alinitazama kwa hofu sasa. "Wewe umekuwa mganga?"

"Unaukumbuka ule mkono wake mgongoni?"

"Nakumbuka kwamba alikuwa akinipigapiga. Nalijua kama ninavyojua nilisoma darasa la kwanza. Lakini mkono wenyewe, hapana. Sina."

Nikakaa juu ya gunia la mchele.

"Nilipomzika Nathanaeli," Yunisi akaendelea, na hakuna aliyemuuliza, "watu waliniita mchawi. Mtoto wangu wa pekee, na chozi halikutoka. Walikuja kunishika, Paska. Wewe mwenyewe ulikuja. Niliona mikono yenu inanigusa, kama mnashika nguo iliyoanikwa. Ndani kunaungua na hakuna kinachofika. Nikasema, basi, nimeumbwa vibaya. Nikarudi kupika, maana chakula hakikuulizi unajisikiaje."

Nikamwekea rekodi. Sikujua njia nyingine. Alisikiliza ameinama, kisu mkononi, mpaka kesho ya nne, akanyoosha kidole nizime. Akanawa mikono. Akaifuta, kidole kimoja kimoja.

"Watu wangapi?" akauliza.

"Laki tatu na elfu kumi na mbili."

"Wote wanamjua bibi yangu?"

"Wote."

"Isipokuwa mimi." Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, kama mtu aliyeokota kitu chini na hajaamini ni chake: "Kwa hiyo sikuumbwa vibaya."

Nilitaka kumwomba radhi kwa lile jiko lisiloshika moto.

"Ondoka sasa, Paska. Maharage hayajatiwa chumvi."

3

Elibariki alisikiliza rekodi amesimama, akaisikiliza tena amekaa. Ni kijana mwema. Mama yake alitibiwa kwetu. Alipomaliza kusikiliza, kola ya shati ilikuwa imelowa machozi.

"Mimi nilisikiliza hotuba zake tu," alisema. "Bibi, naapa. Hotuba tu."

"Nakuamini. Sasa niambie, haiwezekani kunakili, huyu apate chake na watu wabaki na chao?"

"Tulijaribu kunakili zamani, bila kujua ni cha nani. Mkono wa pili ulitoka baridi, kama wa maiti. Mgonjwa mmoja alipiga kelele siku mbili. Kilichomo sandukuni hakikuandikwa kama barua, kinaishi. Kinakaa pahali pamoja tu. Ukikirudisha, vituo arobaini na moja vinazimika saa ileile."

"Na watu?"

"Wengi watahangaika, watazoea. Wengine..." Alifuta shingo. "Siwema wako ni katika hao wengine, Bibi. Nimeona vipimo vyake. Usinilazimishe kusema."

Haikunilazimu kusikia. Mimi ndiye ninayemtoa kisu mkononi akipika.

"Jumamosi useme mazuri tu," akanibembeleza. "Na mazuri yapo, ni ya kweli! Yunisi tutamtunza. Tutamshukuru kimya kimya."

"Kimya kimya ndivyo alivyochukuliwa."

"Basi wewe ungefanya nini? Ungekuwa Hango, Juni kumi na tisa, wewe uko kwenye mkeka unakufa, na mkono huo uko jikoni unakata vitunguu?"

Ndugu zangu mnaonisikiliza, nimetega vitendawili maisha yangu yote, na hicho sikukijibu. Nilimpenda Hango kama kaka. Alinibeba mgongoni kunipeleka kuoga. Alimfundisha Siwema kuhesabu kwa mbegu za alizeti. Nilitaka kwenda kaburini kwake nikampige makofi, na nilitaka atoke humo animenyee viazi. Vyote viwili, kwa wakati mmoja, kifuani pamoja.

Ijumaa nikamweleza Siwema. Alisikiliza huku anakunja kanga, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama mkate.

"Mama, usiniulize mimi," alisema. "Ukiniuliza nitasema usirudishe. Nitapiga magoti. Kwa hiyo usiniulize."

4

Jumamosi saa nne asubuhi uwanja wa kituo ulijaa. Jiwe lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe, na fundi wake, Mpinga, amekaa pembeni na patasi zake kama bwana harusi. Walipokifunua watu walipiga vigelegele. Limeandikwa: HANGO. ALIYETULETEA MKONO.

Sanduku la kioo lililetwa mezani mbele ya jiwe lionekane na wote. Ni dogo, kama kikapu cha mayai, na ndani mna mwanga unaopanda na kushuka. Watu wakawekana viganja migongoni. Siwema alikaa mstari wa kwanza. Yunisi alisimama nyuma kabisa, aproni haijafunguliwa.

Elibariki akanikaribisha. "Bibi, tutegee kimoja kwanza!" wakapaza sauti, kama kawaida yao.

Sikuwa nimepanga. Nilisimama kwenye kipaza sauti na hotuba yangu ya dakika tano, na nikaona sina namna ya kulisema jambo lile isipokuwa kwa njia niliyoizoea.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mkono mmoja unabembeleza watu laki tatu, mwenye mkono hajabembelezwa."

Wakachangamka. "Daktari Hango!" Hapana. "Jua!" Hapana, jua halina mkono, mwanangu. "Mama mzazi!" Karibu, lakini hapana. "Serikali!" mzee mmoja akajibu, watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

"Tumeshindwa! Tunakupa mji!"

"Mji gani?"

"Chukua Dodoma!"

"Dodoma vumbi."

"Haya, Mwanza!"

"Mwanza nimeuchukua." Mnajua desturi. Ukishapewa mji, huna ruhusa ya kuondoka na jibu. "Nilikwenda Mwanza, nikala samaki wao, wakanipa kiti cha mbele, nikawauliza mkono huu ni wa nani, hakuna aliyejua. Nikarudi Singida. Nikamkuta yuko jikoni. Jibu ni Yunisi binti Msengi, mnayemwita Mama Jiwe."

Walicheka bado, wakidhani mzaha unaendelea. Nikabonyeza kile kidude, na sauti ya Hango ikatoka kwenye vipaza sauti vyote. Nimeupata. Nimeng'oa. Kesho.

Mwanamke mmoja aliondoa kiganja chake mgongoni mwa mwenziwe, akakitazama. Kisha mwingine. Kisha wote, kama wameshika kaa la moto. Mzee mmoja alivua kofia yake ya nyuzi akaiweka chini, akaiokota, akaiweka tena chini.

"Mwongo!" kijana alipiga kelele. "Hango alimwokoa baba yangu!"

"Alimwokoa," nikamjibu. "Na mimi aliniokoa. Nisikilizeni, maana nguvu zangu si nyingi. Hango alikuwa mtu mwema. Na Hango alikuwa mwizi. Msinichagulie kimoja. Asiyeweza kuvibeba vyote viwili aende nyumbani akapumzike, mimi nitambebea leo."

"Tuvunje jiwe!" wengine wakasema. Mpinga akasimama mbele ya kazi yake kwa hofu.

"Jiwe libaki," nikasema. "Fundi, chini pana nafasi?"

"Ipo, Bibi. Mstari mmoja."

"Andika: WA YUNISI BINTI MSENGI, BILA KUMWAMBIA."

Patasi ikaanza kulia, tik, tik. Elibariki akakimbilia kipaza sauti. "Ndugu zangu, jambo hili ni zito. Kesho tutaitisha kikao cha vituo vyote..."

"Kesho?"

Ilikuwa sauti ya Yunisi. Watu walimpisha, akaja mpaka mezani na aproni yake, mikono inanuka vitunguu. Hakupandisha sauti.

"Hilo neno nimelisikia mara nne, nikazima. Paska anasema yapo maelfu." Akalitazama sanduku. "Naomba bibi yangu."

"Mama Yunisi," Elibariki alisema, na machozi yanamtoka, "kuna watu watakufa."

"Kuna mmoja alikufa. Mmempa maharage ayapike." Akageuka kwa watu. "Mimi sina kinyongo nanyi. Sina chochote nanyi, ndiyo shida yenyewe. Mnanitazama kwa huruma, naiona, haifiki. Nataka kumlilia mwanangu. Ana miaka kumi na tisa ardhini na hajaliliwa na mama yake."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningependa lisamehewe, kama si na Yunisi basi na yeyote. Nilimwangalia Siwema. Kwa muda wa pumzi tatu nilifikiri kukataa. Sauti ni yangu. Ningenyamaza tu, nani angenifungua koo? Ndivyo Hango alivyoanza, kwa pumzi tatu.

Siwema hakunitazama. Alikuwa amejishika viwiko.

"Yunisi," nikasema, "nipe saa moja. Si kesho. Saa moja kwa saa ya ukutani pale, vituo vyote vitangaziwe, kila mgonjwa apate mtu wa kukaa naye, asibaki hata mmoja peke yake."

Akaitazama saa. "Saa moja nitangoja. Kungoja ninakujua."

Elibariki akatangaza. Kutoka Kibondo mpaka Lindi tulisikia vituo vikijibu kwenye kipaza sauti, kimoja kimoja: tumekaa wawili wawili, tumeita majirani, kuna mzee hana mtu, mpishi amekaa naye. Uwanjani watu walisogeleana. Hawakujua waweke wapi mikono. Wengine waliketi tu, magoti yanagusana.

Saa tano na robo Yunisi akavaa kofia. Nikainama juu ya kioo.

"Paskalina," nikasema. "Rudi."

Mwanga ukashuka, ukashuka, haukupanda tena. Uwanja mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, kama watu waliomwagiwa maji ya baridi mgongoni. Yunisi alikaa wima. Hakuna kitu. Nikaogopa kwamba tumechelewa, kwamba ule mkono umesahau njia. Kisha mabega yake, yale mabega niliyoyaona yamesimama miaka thelathini na moja, yakaanguka.

"Ee," alisema, kitoto kabisa. "Karanga."

Na akalia. Alimlilia Nathanaeli kwa jina, kwa sauti ya msiba wa siku hiyohiyo. Wanawake wakaenda kumshika, na nikaona kwa macho yangu, akishikwa, anaegemea.

Mimi sikwenda kwake. Nilikwenda mstari wa kwanza. Siwema alikuwa mweupe kama unga, mdomo wazi, anatafuta nyuma yake kwa mkono kama mtu aliyeporwa mzigo sokoni. Nikakaa. Nikamwekea kiganja mgongoni, hiki changu, cha kushika jembe na sufuria za moto.

"Sio wenyewe," alisema.

"Najua."

"Mzito, Mama. Unakwaruza."

"Ndio nilio nao."

Alitaka kunyanyuka, nikahisi misuli yake inajikaza chini ya gauni. Nilingoja. Fundi Mpinga alikuwa bado anagonga, Yunisi bado analia. Siwema akainamisha kichwa mpaka magotini.

"Ushushe kidogo," alisema. "Chini zaidi. Hapo."